Mkono Uliokwanguliwa

Siku za wiki Lambert alikaa kimya bure chumbani kwake Croydon, kusini mwa London. Jumamosi alikaa kimya kwa sababu kuna mtu aliyemhitaji akae hivyo.

Mtu huyo alikuwa Qiu, mchoraji kutoka China, aliyekodi chumba cha juu katika jengo la ofisi ambalo Lambert hulisafisha. Humo Qiu alikuwa akijenga ukuta wa pango. Alisiriba mbao kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kama walivyosiriba mafundi wa kale katika mapango ya Kibudha ya Dunhuang, ukingoni mwa jangwa, kisha akachora juu yake watu wa London ya leo: mama anayengoja basi, kijana wa kupeleka pizza, wote wameketi kwa utulivu wa watakatifu. Harufu ya ule udongo ndiyo iliyomsimamisha Lambert mlangoni siku ya kwanza, mopu mkononi. Nyumba ya mama yake kule kijijini Kalehe, alikozaliwa, ilinuka vivyo hivyo kila iliposiribwa upya.

"Naomba kuuazima mkono wako," Qiu alimwambia.

Aliutaka wa kulia, umeinuliwa, kiganja kikitazama mbele. Kidole cha mwisho cha Lambert kilikuwa kimepinda tangu Myriam, binti yake, alipokuwa na miaka mitatu na kukibana alipoubamiza mlango wa fleti yao bila kutazama nyuma.

"Ni mkono wa mungu wenu?" aliuliza Lambert, ambaye Jumapili huimba kwaya.

"Ni mkono unaosema usiogope. Basi."

Exaucé, mwenzake wa kazini, aliposikia alicheka hadi akaegemea ndoo. "Kwa hiyo watu watakusujudia, papa Lambert? Usitusahau sisi wa chooni."

Lambert naye akacheka. Alipofika nyumbani akampigia Myriam, aliyekuwa muuguzi Manchester. Tangu mama yake Myriam afariki, simu zao zilikuwa zimefupika mwaka hadi mwaka, mpaka ikabaki habari ya mvua. Safari hii alikuwa na la kusema.

"Wamenichora, mama. Mkono wangu utakuwa kwenye maonyesho. Utakuja?"

Myriam alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atajaribu.

"Utanitambua tu. Utakiona kile kidole."

Siku ya ufunguzi Lambert alivaa suti ya kanisani. Akiwa anatoka stesheni ya Edgware Road, ujumbe wa Myriam ukaingia: zamu imebadilishwa, pole papa, nitumie picha.

Aliingia ukumbini peke yake. Watu walisimama makundi makundi na glasi zao, wakampisha kwa adabu kama anayepita tu. Ukuta aliujua mara moja. Mkono ndio haukuwapo. Mikunjo ya vazi la mmoja wa walioketi ilipoishia, palikuwa na kovu pana la udongo mtupu.

Qiu alimfuata. "Kule pangoni mchanga umekula picha, moshi umekula, watu wamebandua," alisema. "Sisi tunaonakili tunanakili hata uharibifu wake. Mkono wako niliuchora wote, Lambert. Halafu nikaukwangua."

"Wote?"

"Ndio uliokuwa mzuri kuliko vyote. Nilidhani utaelewa."

Lambert alielewa. Kuelewa hakukumsaidia kitu. Akapiga picha ya ukuta, akamtumia Myriam, na jibu likaja upesi: wewe ni yupi?

Alisubiri watu wapungue mbele ya ukuta. Akasogea, akainua mkono wa kulia mpaka ukalingana na lile kovu, kiganja mbele.

"Tafadhali usiguse, bwana," mlinzi alisema.

"Sigusi."

Kwa mkono wa kushoto akapiga picha, akaituma. Kisha akasimama kando karibu na makoti. Simu haikulia. Qiu alikuwa amezungukwa na wageni. Lambert akaondoka bila kumuaga.

Alikuwa kituo cha tramu Croydon, upepo ukipenya suti, simu ilipotikisika. Safari hii Myriam alikuwa ameandika kwa Kiswahili, herufi zikikosewa hapa na pale: Papa, hicho kidole kinauma kwenye baridi?

Hakuwahi kumuuliza hivyo. Lambert aliandika: Hapana. Akaliangalia neno hilo mpaka tramu ikaja na kuondoka. Akalifuta.

Kinauma, aliandika. Kuja ukione.