Kayongo Kwenye Mpaka

Mahindi yangu kule Maseno yalipoanza kunyauka na mvua bado inanyesha, sikulaumu udongo. Nilimlaumu jirani yangu. Tulikuwa kikundi cha akina mama tunaopalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila tukirudi, yeye peke yake alisimama kwenye mpaka wetu na debe la maji, akaosha jembe na miguu, midomo ikichezacheza. Mtu anayeosha jembe ambalo kesho litachafuka tena ana jambo lake.

Halafu kayongo likachanua katikati ya mahindi yangu, maua ya zambarau, mazuri ajabu. Gugu hilo halijitafutii chakula. Linashika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kunyonya. Nikamwendea.

"Mama, unamwaga nini hapa?"

"Udongo wa mashamba ya watu," alisema bila kuinua kichwa. "Mbegu za kayongo ni kama vumbi. Zinashika kwenye jembe, halafu zinalala ardhini miaka mingi zikingoja mahindi. Sitaki ziingie kwangu."

Niliyatazama yale maji yakiteremka polepole kwenye mistari yangu.

"Na zikiingia kwangu?"

"Si na wewe uoshe."

Siku hizi naosha. Nakwea kwanza hadi upande wa juu wa shamba lake, ndipo naosha.