Sataranji na Mkwe Wangu, Pazia Katikati

Mpunga wa Luberizi ukiwa bado mdogo, maji yanatulia mashambani na kila shamba lina kituta chake, mraba kando ya mraba, mpaka macho yanachoka kufuata. Saa nane, jua likipiga, miraba mingine inang'aa na mingine inakuwa myeusi. Nasema hivi kwa sababu siku ya kwanza kuona ubao wa sataranji niliwaza ni shamba lile lile, muntu amelipunguza akaliweka juu ya kigoda. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anauita mchezo huo eshek, kama Wafaransa. Yeye ni mwalimu, alijifunza Bukavu wakati anasoma. Minye shule niliacha mwaka wa tatu kwa sababu ya mbuzi, lakini habari ya mbuzi tuiache.

Nilifikaje Luberizi? Ziwa lilinihamisha. Kwangu ni Uvira, chini kabisa, karibu na maji. Ziwa lilipanda bila kelele. Asubuhi moja nilishusha mguu kitandani nikakuta viatu vyangu vinaelea, kimoja kinaelekea mlangoni polepole kama muntu anayekwenda misa. Binti yangu akaja kunichukua, nikakaa kwake.

Kwake, maana yake kwa mkwe. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani unatoka pembeni, unajifanya unatafuta kitu kwenye majani. Nimetafuta vitu vingi sana kwenye majani ya Luberizi! Ndani ya nyumba, mlango wa chumba changu ulikuwa na pazia la maua mekundu. Minye huku, yeye kule sebuleni, na neno lolote kati yetu lilipita mdomoni mwa binti yangu.

Na minye neno nilikuwa nalo. Nilitaka kurudi Uvira. Watu waliotoka kule walisema maji yameanza kushuka. Kila mchana nikijinyoosha kidogo niliota niko kizingitini kwangu, ziwa limelala mbele kama mnyama aliyeshiba, na minye nafagia. Nafagia tu. Nikiamka, mikono inatafuta ufagio. Nikamtuma binti yangu. Akarudi na jibu:

"Mama, baba watoto amesema hauendi popote. Utakaa hapa."

"Kwa nini?"

"Hakusema."

Kujiondokea nisingeweza. Mama mkwe akitoka bila mkwe kumsindikiza, Luberizi yote itasema alimfukuza, na yule muntu hajawahi kunifanyia ubaya. Basi nikabaki, na ufagio wangu wa ndotoni.

Mkwe alikuwa anacheza peke yake siku ya Mungu baada ya misa. Anasogeza weupe, anazunguka kigoda, anasogeza weusi, anakuna kichwa kana kwamba huyo mwingine kamshinda akili. Minye nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Sikuwa na kazi nyingine, na hata ningekuwa nayo ningechungulia. Siku moja aliitwa nje, kuku akaruka juu ya kigoda, vita yote ikaanguka chini. Nikatoka haraka, nikaokota mmoja mmoja, nikawarudisha kila muntu mahali pake, maana nilikuwa nimewaangalia muda mrefu. Aliporudi aliona pazia bado linacheza nyuma yangu, akauchungulia ubao. Kisha akasema kwa sauti, akitazama ukuta:

"Mwambieni mama, kama anataka, tucheze."

Binti yangu alikuwa anachambua mchele. "Mama, umesikia?"

"Mwambie mukwe, minye sijui vita."

"Mwambie mama, atajua."

Kigoda kikawekwa mlangoni, nusu yake chumbani kwangu, nusu sebuleni, pazia likining'inia juu. Minye nilitoa mkono tu. Mpaka leo nikifumba macho nauona mkono wangu ukitoka kwenye maua mekundu, mzee, wenye mishipa, ukibeba askari mdogo wa mti, na upande wa pili mkono wa yule kijana ukisubiri. Mikono tu, kama ya watu wawili wanaonawa mtoni ukungu ukiwa umefunika miili.

Nilishindwa vibaya. Nilishindwa tena siku ya Mungu iliyofuata, na ile nyingine. Makosa yangu yalikuwa haya. Askari niliowatembeza walikuwa wa pembeni kabisa, huku na huku. Katikati sikugusa. Farasi nilimtoa, nikaona amesimama mbele ya watu wa mkwe, nikamrudisha nyumbani, nikamtoa tena. Malkia wangu hakuinua hata kichwa. Kabla chungu cha maharage hakijachemka, nimekwisha.

"Mwambie mama, katikati ya ubao ndiyo mlima. Mwenye kusimama pale anaona pande zote. Askari wawili wa katikati watangulie."

"Mama, katikati."

"Mwambie mukwe, katikati ni njia yake. Minye nitamsimamiaje mukwe njiani?"

Nilisikia anacheka, mara ya kwanza. Kicheko chake kilikuwa cha mtoto, sikutegemea.

"Mwambie mama, hapa si njia, ni mti tu uliopakwa rangi. Atoe farasi wote wawili, na wale wenye kichwa kilichopasuka, wanaokwenda mshazari, wale tunaita fu. Kila mmoja atoke mara moja, akae mahali pazuri, aachwe. Asimtembeze mmoja mara tatu wakati wengine iko wamelala."

"Mama, atoke... nani alisema? Farasi. Wote. Asilale."

"Na mufalme aingie ndani ya nyumba mapema, mnara umsimamie mlangoni. Tunaita roki. Na malkia asikimbilie nje kabla ya wengine, watamfukuza huku na huku."

Binti yangu akatua ungo. "Minye si redio yenu! Mchele umejaa mawe, watoto hawajaoga, na nyinyi mnanituma, farasi, fu, mnara. Muzungumze wenyewe au mucheze kama mabubu." Akabeba ungo akaenda kwa jirani, akatuacha.

Tukacheza kama mabubu, wiki nyingi. Mambo yale yaliniingia taratibu, tena usingizini zaidi. Niliota mashamba ya mpunga, farasi wawili wanatembea ndani ya maji yanayowafika magotini, kila mmoja anachagua kituta chake, anasimama, anatulia. Nikawaza, kumbe ndiyo hivyo. Hata kupandikiza mpunga, hauchukui mche mmoja ukauhamisha mara tatu huku mingine inakauka kwenye kikapu. Wanawake wa Luberizi wote wanajua mambo haya, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni sataranji.

Siku ile ninayotaka kusema, mvua ilikuwa imepiga asubuhi na nyumba ilinuka udongo. Askari wangu wa mbele ya mfalme akaruka miraba miwili, katikati kabisa. Wa mkwe akaja kumkabili. Farasi wangu akatoka, na wake. Tukalana wale askari wa katikati, wangu na wake, na njia kati ya wafalme wetu ikabaki wazi kama barabara ya saa sita. Fu wangu akatoka. Mfalme wangu nikamwingiza ndani, mnara mlangoni. Mkwe alikuwa anacheza haraka, akili yake iko mbali, alizoea kunishinda. Nikaona kitu: mfalme wake bado yuko nje. Yeye mwenyewe, mwenye kufundisha roki!

Malkia wangu angeweza kusogea mraba mmoja tu, akasimama kwenye ile njia wazi, akamtazama mfalme wa mkwe uso kwa uso.

Nilikaa na mkono hewani. Mutanicheka, lakini minye niliona haya. Nilimwona yule malkia ni mama mkwe. Kisha nikamsogeza.

Sasa mchezo una desturi: ukimtisha mfalme, lazima useme eshek, na binti yangu hakuwepo wa kunisemea. Nikashika pazia, nikalivuta pembeni. Alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani.

"Eshek kwa mufalme," nikamwambia.

Akashtuka. Akatazama ubao, akatazama pazia, mwisho akanitazama minye. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikaona nisiufunge bure.

"Na nataka kurudi kwangu, mukwe."

Akaweka fu wake katikati kumkinga mfalme. Hakuondoa kidole juu yake.

"Mama, nyumba yako nimeenda kuiona mara tatu."

"Wakati gani?"

"Nikisema ninaenda kwenye mkutano wa walimu. Maji iko kwenye dirisha. Ukuta wa nyuma umelala."

"Mbona haukuniambia?"

"Ningekuambia na mudomo wa nani? Bibi, huyu binti yako, angelia kabla ya kumaliza."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja.

"Unipeleke nikaone mwenyewe," nikasema.

Tulikwenda kesho yake kwa taksi. Njia yote nilikaa kiti cha nyuma na yeye kwa dereva, lakini tuliongea. Uvira, akavua viatu, akanishika mkono mpaka maji yakatufika magotini. Mbele yetu kidogo, kwenye kina, nyumba yangu ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, imetulia, kama iliyozaliwa humo. Vidagaa vilikuwa vinaingia mlangoni na kutoka, vinang'aa, havibishi hodi. Hapakuwa na kitu cha kufagia. Nilisimama mpaka miguu ikapoa.

"Si hapa tena, mukwe," nikamwambia. "Lakini na Luberizi si kwangu."

Akafikiri. Akaonyesha juu ya barabara, upande wa mlima, nyumba zinapoanza kupanda. "Mama mmoja wa kanisa alinionyesha chumba kule, mara ya mwisho. Mulango unaangalia ziwa. Niliogopa kukisema."

"Ulimuogopa nani?"

"Weye, mama."

Nikacheka mpaka nikamshika bega nisianguke majini. Tukatoka, akavaa viatu, tukaanza kupanda kwenda kukiona hicho chumba. Njia ilikuwa nyembamba, minye nimetangulia, yeye nyuma, na kila aliponiambia nipite pembeni kwenye mawe makavu, nilipita katikati.