Msimu Tulipolificha Paa la Shule

Bati jipya lina harufu yake. Si harufu ya jembe wala ya sufuria. Ni harufu ya mafuta mepesi, yenye ubaridi unaopanda puani hata mchana wa jua kali. Msimu mmoja wa pamba, nilipokuwa darasa la nne, nililala juu ya harufu hiyo. Mabati ya shule yetu yalikuwa chini ya kitanda changu, yamefunikwa magunia, na kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko kitanda, ncha zilizochomoza mama alizimwagia pamba ambayo bado haijachambuliwa, ili mgeni akichungulia asione kitu ila mavuno. Nikijigeuza usingizini mbao za kitanda ziliyagonga, yakalia. Nilifundishwa kwamba mtu akiuliza kuna nini huko chumbani, niseme kuku anaatamia. Jibu nilikuwa nalo tayari, nikalibeba msimu mzima, na hakuna aliyeniuliza.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, ndani kidogo ya barabara ya kwenda Bunda, na watu wake walikuwa wa pamba na ng'ombe. Mtu wa ng'ombe hazaliwi na wasiwasi, hufundishwa. Kwetu, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi kulikuwa ni kukosa adabu, na kama muulizaji ni mgeni, basi ilikuwa ni upelelezi. Hata zizi halikukuambia ukweli. Mwenye ng'ombe wengi aliwatawanya: hawa kwa shemeji, hawa kwa rafiki aliyetahiriwa naye, wale kwa mjomba ng'ambo ya mto, ili wezi wakija au ugonjwa ukiingia asipoteze wote kwa mara moja. Aliyepokea alikunywa maziwa na kunyamaza. Nimeona wazee wakizikwa, na ndipo ng'ombe wao wakaanza kurudi nyumbani mmoja mmoja kutoka kwa watu ambao hatukujua kama walifahamiana. Huo ulikuwa uaminifu wa hali ya juu, sibishi, lakini ulikuwa uaminifu wa kuficha.

Shule yetu ilikuwa shikizi, yaani tawi tu la shule kubwa iliyokuwa ng'ambo ya mto. Ilifundisha mpaka darasa la nne, basi. Ukitaka la tano unavuka. Kiangazi mto huo ulikuwa mchanga mtupu, ng'ombe wakilamba chumvi katikati yake. Masika ukawa kitu kingine, na mzazi aliyemvusha mtoto asubuhi hakujua jioni atampokea upande gani. Wavulana walivuka. Wasichana walivuka muhula wa kwanza, kisha mmoja akaacha, kisha wa pili, na hakuna aliyetangaza kuwa ameacha. Ulimwona tu siku moja amebeba ndoo wakati wa vipindi. Kati yetu sisi wasichana, mimi nilikaa dawati moja na Nyabise, binti wa baba yangu mdogo. Alikuwa ananishinda hesabu, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya kila mtu, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: la tano likifunguliwa hapa kijijini Nyabise atasoma, lisipofunguliwa hatavuka mto. Kwa hiyo sote tulijua paa la shule lilikuwa paa la nani.

Mama yangu ndiye aliyewaamsha wazazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ambayo baba alisema ingefaa kufukuzia nyani shambani, na alikuwa hamwamini mtu aliyevaa viatu vilivyofungwa kamba. Alikwenda kwa diwani mpaka mke wa diwani akamzoea. Aliwakusanya wanawake wenzake wakafunga safari hadi ofisi za wilaya, wakakaa kwenye benchi la nje na vibuyu vyao vya uji, wakiuliza swali lile lile: kwa nini fedha za shule hupita barabarani tu, zikielekea kwingine? Waliporudishwa leo walikwenda tena wiki ijayo. Mwishowe wakapewa jibu ambalo wazazi wa nchi hii wanalijua kwa moyo: wananchi wajenge boma la darasa la tano mpaka usawa wa lenta, serikali italeta mabati. Mama alirudi akasema ni mtego. Wametuambia hivyo, akasema, kwa sababu wanajua hatutamaliza. Basi kijiji kizima kikajenga kwa hasira. Tulifyatua matofali, tukasomba maji na mchanga, na kila Jumamosi baba mdogo, ambaye hakupenda kushika tope, alikuja na koleo lake mapema kuliko wote.

Na mabati yakaja. Nadhani hilo ndilo lililotuchanganya, maana hatukuwa tumejiandaa kupewa. Lori liliyashusha mbele ya boma mchana kweupe, wanawake wakapiga vigelegele, na kabla vumbi halijatulia watu walishaanza kutazamana. Mbao za kupaulia zingenunuliwa pamba ikishauzwa. Mpaka wakati huo mabati yalale wapi? Ofisi ya kijiji ilikuwa na mlango wa kufuli, lakini ufunguo alikuwa nao mtendaji. Stoo ya shule ilikuwa na kufuli vilevile, lakini ufunguo alikuwa nao Mwalimu Masatu, na Mwalimu Masatu alikuwa mtu wa visiwani aliyeletwa kwetu na barua. Miaka ya nyuma saruji ya zahanati ilipotea ikiwa ndani ya chumba kilichofungwa, na kufuli lilikutwa zima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Ng'ombe wetu tunawawekaga wapi? Tuyaweke huko huko." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu waliona ni akili.

Basi paa la shule likagawanywa kama mifugo. Kila nyumba ilipokea fungu lake na kula kiapo cha kutomwonyesha mgeni, awe nani. Mwalimu hakupewa hata moja. Alisema kwa upole kwamba vifaa vya serikali havifichwi namna hiyo, na kwamba mficha uchi hazai. Mama alimwitikia kwa upole ule ule kwamba asante mwalimu, na jioni ile akahamisha mabati yetu kutoka darini kuyaleta chini ya kitanda changu, kwa kuwa mwalimu aliwahi kuja kunywa maji kwetu na huenda aliangalia juu.

Ule ulikuwa msimu wa ajabu. Watu ambao hawakutembeleana tangu msiba wa mwisho walianza kutembeleana. Mama alikwenda kwa jirani kuomba chumvi akiwa na chumvi, akakaa, akapiga gumzo, akaangusha kisonzo chake, kile kikapu kidogo, makusudi ili apate kuinama achungulie uvunguni. Jirani naye alikuja kwetu kutazama hali ya mguu wa baba, uliokwisha kupona. Nyumba moja ikijenga banda jipya la kuku, kijiji kizima kilipita njia ile kuangalia limeezekwa kwa kitu gani. Sisi watoto tulikuwa wabaya zaidi. Nyabise na mimi tulijitungia mchezo wa kubashiri nani ameuza, tukawashuku watu wema kabisa. Yeye tu hakuwa na raha kamili katika mchezo huo. Aliniuliza mara kwa mara kama mabati yakiwa chini ya kitanda yanapata kutu, nami, kwa kuwa nilikuwa nayo chini yangu, nilijibu kama mtaalamu kwamba hapana.

Ofisa wa wilaya alikuja pamba ikiwa bado ghalani. Hakutoa taarifa, na hilo peke yake lilitosha kumhukumu. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye pikipiki na mfuko wa ngozi, akaamkia wazee vizuri, akazunguka boma, akagonga kuta kwa kidole, akasema kazi ni nzuri sana. Kisha akaomba aonyeshwe mabati. Alieleza kuwa akiyaona tu, shule itaingizwa kwenye usajili, na walimu wa la tano watapangwa kuja. Asipoyaona, kuna vijiji vingine vinavyosubiri. Alisema yote hayo waziwazi, nami nilikuwepo, nimekaa na Nyabise kwenye kivuli cha ukuta. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mugeta, alikohoa.

"Yapo," akasema.

"Yapo wapi, mzee wangu?"

"Yapo tu. Hayajaenda mahali."

Yule kijana akatabasamu, akamgeukia mtendaji. Mtendaji akatazama viatu vyake. Akawauliza wazazi mmoja mmoja, na kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine, kwa heshima zote. Hivyo ndivyo tunavyomjibu mgeni anayeuliza ng'ombe. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alimsubiri mwenzake awe wa kwanza kufungua mlango, na hakuna aliyetaka kukumbukwa kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha. Mwalimu Masatu alishindwa kuvumilia. Alisimama mbele ya watu, jasho likimtoka, akawaambia, "Jamani, muonyesheni. Naomba sana, muonyesheni leo hii." Na mama yangu, aliyelitaka paa lile kuliko mtu yeyote, akamtazama machoni na kumuuliza, "Wewe mwalimu, haraka yako ni ya nini?"

Pale ndipo mlango ulipofungika. Ukishamuuliza mtu swali kama hilo mbele ya kijiji, hakuna jibu litakalomwokoa. Mwalimu alikaa chini. Ofisa akaandika, akaaga kila mzee kwa mkono, akawasha pikipiki. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka vumbi likaisha, kisha akasema yule hakuja kuyaona mabati, alikuja kuyakosa. Watu walimsifu kwa maneno hayo. Nami nilimsifu.

Ofisa aliporudi alikuja na lori na mgambo, na maneno yake sasa yalikuwa mafupi: mabati ya serikali yatolewe au wenyewe waende kituoni. Nimeona mambo mengi baada ya hapo, ila sijaona tena kitu kama asubuhi ile. Kutoka kila njia watu walikuja na mabati kichwani. Yalitoka chini ya vitanda, katika maghala, chini ya rundo la mabua ya mtama. Bibi mmoja kipofu alileta yake akiongozwa na mjukuu. Baba mdogo alileta ya kwake yamefutwa vumbi. Yalipangwa mbele ya boma, yakahesabiwa, yakahesabiwa tena, na hakuna hata moja lililopungua. Tulisimama tukiangaliana kwa haya, maana msimu mzima tulikuwa tumeshukuana bure. Mama alifurahi waziwazi. Alimwendea yule kijana akamwambia, "Sasa umeyaona. Basi yaacheni hapo hapo."

"Mama yangu, ningeyaona siku ile," akajibu. "Yamekwisha kupangiwa kijiji kingine." Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, na hilo linanisumbua mpaka leo. Mgambo wakaanza kupakia.

Mabati yetu yakaenda upande wa ziwani, huko Murangi, watu walisema, ingawa hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Wengine walisema yaliishia njiani. Mimi sijui. Kuta zetu zilibaki wazi, mbuzi wakaingia. Mwalimu Masatu aliomba uhamisho, na kuondoka kwake kukathibitisha kwa wengi kwamba alikuwa na lake jambo. Mwaka mpya ulipokaribia mama alinifungia nguo kwenye kanga akanipeleka Musoma kwa shangazi, mtaa wa Iringo, nikasomee la tano huko. Shangazi alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Nyabise alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea kuku wa kumpelekea shangazi, na tulipoagana aliniambia nikifundishwa hesabu za sehemu nirudi nimweleze, maana alikuwa amesikia ni ngumu.

Sasa naishi Mukendo, huku huku Musoma, na nina mtoto darasa la nne. Shule yake ina paa, ina umeme, ina kundi la wazazi kwenye simu ambalo halilali. Fedha za ukarabati zikiingia, zinabandikwa ubaoni, na wazazi tunapiga picha ubao huo na kuurusha kwenye kundi, kisha tunaanza: kwa nini rangi ni ghali, fundi ni ndugu wa nani, mwalimu mkuu amenunua pikipiki lini. Mimi ni mjumbe wa kamati, na swali la mama yangu, haraka yako ni ya nini, hunijia mdomoni kila mara. Najua jinsi linavyofanya kazi. Mara nyingine nalimeza, mara nyingine nalitoa, na ninapolitoa huwa nina haki, maana wezi wapo. Afadhali kidogo siku hizi tunashuku kwa sauti. Lakini sijawahi kutoka mkutanoni nikiwa na uhakika kama nimelinda shule au nimeichelewesha.

Mwaka jana nilikwenda kijijini kumzika mama. Shule ilipata paa miaka mingi baada yetu, nayo imesajiliwa, na wajukuu wa Mzee Mugeta wanasoma la saba pale pale. Nilimkuta Nyabise jikoni kwa wafiwa, akikata mboga, mikono yake mikubwa ya mtu wa shamba, akiwaelekeza wasichana kiasi cha unga kwa idadi ya waombolezaji, bila kukosea. Nilikaa karibu naye kwenye kigoda. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu mama, kwamba hakukusudia, nikaishia kumuuliza kama unga utatosha. Aliona. Aliendelea kukata.

"Nilikuwaga nawaza, dada, ningempata aliyeiba yale mabati ningemlaani mpaka afe," akasema. "Sasa hakuna aliyeiba. Nitamlaani nani?"

Akanisogezea fungu la mchicha, nikaanza kuchambua.