Kitabu Kiishe Kabla ya Nywele

Siku ambazo haendi shambani, Muhawenimana husuka nywele kibarazani kwake, hapa Kibabi, na ana sharti lake moja: mteja mwenye kitabu asome kwa sauti. Shule aliiacha mwaka wa tatu wa sekondari. Kifaransa anakisikia, lakini kukisoma mwenyewe kunamchosha kabla ukurasa haujaisha. Basi wateja humsomea, na penye ugumu humgeuzia kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba kichwa kikiisha, mteja huondoka na kitabu chake. Ndiyo maana Muhawenimana anajua riwaya nyingi, karibu zote hadi katikati.

Anazozipenda zaidi ni zile zilizoandikwa na wanawake wa siku hizi.

"Mwanaume akiandika, bibi anaingia ku jikoni, anafunga mulango, sisi tunabakia inje na bwana," husema. "Mwanamuke anatuingiza. Tunaona mpaka sufuria yenye kuungua."

Asubuhi moja alikuja mwalimu Nicole, msichana mpole anayesema kama anayeomba radhi. Alikuwa amehamishiwa Walikale, na Zéphyrin, dereva wa pikipiki, angempitia mchana. Mkononi alikuwa na riwaya ambayo Muhawenimana alikwisha kuisikia nusu: habari za Astrid, aliyeachwa na mama yake angali mchanga. Sasa mama huyo, mzee na mgonjwa, amerudi na anabisha mlangoni.

"Leo unisuke kubwa-kubwa tu, Mama Muha. Nisichelewe."

"Kubwa? Na mvua ya Walikale? Itafumuka mbele ya juma kuisha. Nitakutia rasta ndogo."

Nicole hakujua kubisha. Akakaa. Muhawenimana akagawa nywele nyembamba kadiri alivyoweza, maana kitabu kingeondoka leo, naye alitaka kujua: Astrid atamfungulia mama yake ama hatamfungulia?

"Asifungue!" alisema, akivuta meshi, zile nywele za bandia. "Alikuwa wapi wakati mutoto anaugua surua?"

Nicole akasoma. Yule mama hakujitetea. Alikaa kizingitini, akaona maharagwe ya binti yake yameanikwa, akaanza kuyachambua bila kutumwa na mtu.

Vidole vya Muhawenimana vikasimama.

"Rudilia hapo."

Nicole akarudia.

"Huyu mwandishi iko mubaya," Muhawenimana alisema, akijifuta jicho kwa mkono wenye mafuta. "Hakumufanya yule mama alie hata kidogo. Amemupa maharagwe tu, na mimi njo ninalia."

"Si ulisema asifungue?"

"Wewe soma!"

Honi ikalia barabarani. "Mademoiselle!" Zéphyrin aliita. "Mvua iko nakuya!"

Kichwa kilikaribia kuisha. Kurasa zilikuwa bado. Muhawenimana akashika rasta iliyokwisha kusukwa, akaifumua taratibu.

"Mama Muha, hiyo si ilikuwa imeisha?"

"Ilipinda."

"Na ile ya mbele yake? Nayo ilipinda?"

Muhawenimana akasema kwa sauti ndogo: "Ukienda nacho, mimi nitabakia na ule mama ku mulango mpaka lini?"

Nicole akageuka kumtazama. Halafu, yeye asiyewahi kupandisha sauti hata darasani, akapiga kelele: "Zéphyrin, ngoja!"

"Ningoje nini? Kichwa?"

"Kitabu!"

"Hee! Kitabu nacho kinasukwaka?"

"Zima pikipiki, ao uende peke yako!"

Nicole akamwambia Muhawenimana aweke kitana chini, wakakaa wakiangaliana, akasoma.

Astrid alifungua. Hakumkumbatia mama yake, hakusema amemsamehe. Alibandika maji ya kuoga, akaonja joto lake kwa kiwiko, kama watu wanavyoonja maji ya mtoto mchanga. Kitabu kikaishia hapo.

"Ni vile tu?" aliuliza Zéphyrin, aliyekuwa ameegemea nguzo. "Hawasemi kitu?"

"Wamesema yote! Haukusikia kiwiko?" Muhawenimana alivuta pumzi. "Mimi ningeandika waanguke magoti, walie, wapatane. Na ingekuwa uongo. Huyu dada anajua watu."

Nicole akafunga kitambaa kichwani, nyuma ya sikio la kushoto nywele zikiwa zimesimama bila kusukwa, akapanda pikipiki. Muhawenimana akampungia mkono mpaka walipopotea kwenye kona, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na swali la kumkimbilia nalo mteja anayeondoka.