Titi la Maharagi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la kijinga. Nilijiuliza: daktari akichukua nyama ya tumbo langu akaitengenezea titi, nikinenepa titi nalo litanenepa? Na nikishikwa na njaa, kama tulivyoshikwa mara nyingi miaka ile ya vita, je, litanguruma? Nilijiona nimepiga magoti kanisani, padri ameinua hostia, watu wote kimya, halafu kifua changu kinaanza kudai chakula.

Ndivyo ninavyowaza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya sheria, katika mji ambao sheria ilikuwa ya yeyote aliyeshika bunduki. Kazi hakuna. Basi elimu yangu yote ilibaki nyumbani, ikinishitaki na kunitetea mimi mwenyewe. Upande huu unasema fanya, upande ule unasema usithubutu, na hakimu amekimbilia ng'ambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Titi langu la kushoto lilikwisha kuondolewa kwa sababu ya kansa. Sasa daktari mgeni, mpasuaji, alikuwa amefika mjini kwetu Bukavu kwa ndege ya misaada, na alisema anaweza kunijengea jingine. Angekaa muda mfupi, kisha ndege ingemrudisha kwao, na hakuna aliyejua kama angekuja tena mwingine wa namna yake. Nilitakiwa kujibu ndiyo au hapana, na mimi hata nikiulizwa chai au kahawa naomba muda wa kufikiri.

Msidhani nilikuwa nimekaa hivi hivi, upande mmoja mlima na upande mwingine uwanja wa mpira. Nilikuwa na titi la maharagi.

Alilishona Mama, kidonda kilipofunga. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake ulikuwa hadithi, lakini cherehani yake ilikuwa kitu cha kweli. Alikata kipande cha shuka, akashona kifuko cha mviringo, akakijaza maharagi makavu. Kisha akashika titi langu lililobaki kwa mkono mmoja, kifuko kwa mkono mwingine, akafumba macho kama mtu anayechagua avoka sokoni.

Tantine, mdogo wake Mama, alikuwa amekaa kitandani akisimamia kazi. Yeye aliuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, pale sokoni Nyawera, na mambo ya vipimo hakuna aliyeweza kumdanganya.

"Ongeza," alisema. "Ile ya mutoto iko nzito kuliko hiyo."

"Tantine, inatosha."

"Inatosha nini? Unataka utembee umelala upande moja sawa boti yenye banapakiya mubaya?"

Mama akaongeza. Lilikuwa titi zuri, siwezi kulisema vibaya. Lilitulia mahali pake, lilipata joto langu, na nikipanda ngazi lilitoa sauti ndogo kama kayamba. Taabu yake ilikuwa mvua. Siku moja nilinyeshewa njia nzima kutoka Ibanda, nikalitundika nyuma ya mlango na kulisahau. Tulipolikumbuka, kachipukizi keupe kalikuwa kanachungulia kwenye mshono.

Tantine alicheka mpaka akakaa chini. "Yee! Ile ya Mungu ilikufa, ya mama yako njo inaota!"

Ndipo risasi zikaanza mjini, nasi tukakimbia kama wengine wote, tukifuata barabara ya Katana, mimi, Mama na Tantine. Goti la Mama lilikuwa bovu tangu zamani. Kwenye tambarare alichechemea; kwenye vilima nilimbeba mgongoni, nimemfunga kwa kitenge kama mtoto, naye akanishikilia mabegani akinisahihisha njia niliyokuwa nikiiona mwenyewe. "Kushoto. Kuna jiwe. Hapana, kushoto ya kweli." Tantine alibeba sufuria na vilivyobaki vyote.

Chakula kilituishia katika darasa moja la shule, ambamo tulikuwa tumejibanza na familia nyingine. Tantine alinitazama kifuani. Mama alitazama ubao.

"Hapana," nilisema.

"Sijasema kitu."

"Unawaza."

"Kuwaza ni kazi yako, weye mwenye diploma. Mi nasikia njaa tu."

Tulifumua mshono. Tulipika bila chumvi wala mafuta, kwa kuni za dawati lililovunjika. Mama, ambaye katika maisha yake hakuwahi kutia kitu mdomoni bila kusali, alianza sala vizuri, kisha akakwama mahali pa kutaja chakula. "Ee Bwana, bariki hii... bariki hii kitu ya mutoto wangu." Tantine alipaliwa na maji. Nilicheka mpaka kovu likauma. Tukala. Yalikuwa magumu kidogo, na yalinukia mimi.

Tulirudi Bukavu mambo yalipotulia, maana yake yalipopata wenyewe wapya. Mama akashona jingine. Na hapo ndipo yule daktari alipotua.

Tulikwenda kumwona wote watatu. Titi la plastiki hakuja nalo, alisema, hivyo angetumia nyama yangu mwenyewe, hasa ya tumbo. Akanibana tumbo kwa vidole viwili, akatafuta huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo katika suruali isiyo yake.

"Hakuna kitu," alisema kwa Kifaransa, kwa masikitiko.

Mama alipotafsiri, Tantine alipandisha blauzi yake pale pale. "Dokta, utoe hapa. Iko ya kutosha, ata matiti mbili, na ingine ya kubakisha."

Daktari alieleza kwa upole kwamba mwili hukataa nyama ya mtu mwingine.

"Ata ya tantine yake?" aliuliza Tantine, na alichukia kweli.

Kwa hiyo wakaamua kuninenepesha. Tantine alileta sambaza alizopaswa kuziuza, Mama akasonga bugali asubuhi na jioni, sombe, majani ya muhogo, ikaogelea katika mawese. Jirani waliona wivu, wakadhani nimeposwa. Nilikula kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa mtihani, na hapo ndipo yale maswali ya titi linalonguruma yaliponianza. Tumbo halikujali. Mashavu peke yake ndiyo yaliyonufaika, na titi la mashavu halijavumbuliwa.

Niliporudi peke yangu kwa daktari, alibana tena, akatikisa kichwa, kisha akaniomba nigeuke. Mgongoni akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Hapa kuna musuli mzuri sana! Unafanya mchezo gani?"

"Nambeba mama yangu."

Alidhani ni mzaha. Akanieleza: angeuchukua musuli huo, auzungushe chini ya kwapa, aulete mbele. Kovu jingine lingekuwa mgongoni. Bega lingepungua nguvu. Kubeba mizigo mizito kusingewezekana kwa miezi, na pengine lisingerudi kabisa kama zamani. Wagonjwa wake wa kwao, alisema, hilo huwasumbua kidogo wanapoogelea.

Nilirudi nyumbani nikifikiria kuogelea.

Niliwaambia wakati tunachambua mboga ya lenga-lenga. Tantine aliacha kuchambua. Mama aliendelea, tena kwa haraka zaidi.

"Utafanya," Mama alisema. "Nani alikuambia mi niko muzigo?"

"Na tukikimbia tena, Maman?"

"Nitashuka milima na tako. Batoto banafanya vile, na banacheka."

"Na kupanda?"

"Tantine yako atanisukuma."

"Mi?" alisema Tantine. "Nikusukume weye? Afazali nikuachiye waasi, bakubebe beye."

"Unaona?" nilisema.

"Sioni kitu!" alisema Mama. "Weye iko kijana. Siku moja bwana atakuja, atakuuliza ingine iko wapi."

"Mumwambie tulikula," alisema Tantine.

Nilianza kujitetea. Nilisema juu ya goti la Mama. Nikasema juu ya dawa ya usingizi: itakuwaje nikilala mji ukiwa wa hawa, na nikiamka ukiwa wa wale, na mimi nimefungwa mipira ya dawa siwezi hata kutelemka kitandani? Kisha nikageuka upande wa pili, nikasema pia kwamba nafasi haitarudi, kwamba nitajuta nikizeeka, kwamba mwanamke ana haki ya kifua chake. Nilisema vizuri, nafikiri. Lenga-lenga zote zilikuwa zimekwisha, na bado nilikuwa nasema.

Mama aliweka sahani chini.

"Nyamaza kidogo," alisema. "Toa goti yangu. Toa vita. Toa ule bwana, maana haiko. Weye mwenyewe, unalitaka?"

Nilikuwa nimejibu maswali mengi kichwani mwangu, mengine hayajaulizwa na mtu yeyote duniani. Hilo sikuwa nimeliandaa.

"Hapana," nilisema.

Lilitoka lenyewe, kabla sijaomba muda. Nikasubiri upande wa pili ukate rufaa. Haukukata. Sikutaka kukatwa tena. Sikutaka mgongo wangu uende mbele, ulikuwa umekwisha kuzoea nyuma. Na kovu langu, ambalo Mama hulitazama kwa kujificha na Tantine hulitazama waziwazi, nilikuwa nimelizoea zaidi kuliko nilivyolizoea titi lenyewe, ambalo kwa kweli nililimiliki muda mfupi tu kabla halijaanza fujo zake.

Mama alinitazama kwa muda, akitafuta kama namwongopea kwa ajili ya goti lake. Sijui aliona nini. Alichukua sahani, akaenda kuosha mboga, na kwa sauti yake ya mwalimu akaniambia nisimcheleweshe daktari, kuna wengine wanaongojea.

Kesho yake nilikwenda. Njiani niliandaa sababu zangu zote na mpangilio wake. Daktari aliponiuliza, nilisema, "Asante, sitaki," naye akanipa mkono, akamwita mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi. Yule mama alikuwa na tumbo la kupendeza sana. Nilimwonea fahari.

Nikatelemka moja kwa moja hadi Nyawera, kwa sababu mvua ya juma lile ilikuwa imelifikia tena titi langu na lilianza kunuka. Tantine aliacha meza yake ya sambaza akanisindikiza kwenye safu ya wauza maharagi. Aliingiza mkono katika kila gunia, akapima, akadharau, akapita. Mwishoni alisimama kwenye madogo mekundu, makavu kabisa.

Muuzaji alichukua kopo lake la kupimia. "Ni ya kupika ao ya kupanda, maman?"

Tantine alinitazama, akiniachia nijibu.

"Ya kuvaa," nilisema. "Na ujaze vizuri."