Shamba Lililonunuliwa Desemba

Ndugu yangu Muindi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Salama, na hakuna kitu anachokiamini kabla hajakipima mwenyewe. Alipotaka kununua shamba upande wa Tawa ajenge boma, alipekua hati. Alileta mpimaji, mawe yote ya mpaka yakaonekana. Mwenye shamba alikuwa mzee Kyule, na Muindi aliwauliza wanawe mmoja mmoja kama wamekubali baba yao auze. Akauliza hata kama kuna kaburi. Mimi Kanini, dada yake mkubwa, nilikuwapo, na nasema alifanya kazi safi. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Mwenye hamu na shamba hilo alikuwa mkewe, Mutindi. Alizaliwa Nuu, akakulia kwenye mashimo ya mto mkavu, akifukua mchanga kutafuta maji tangu alipoweza kushika bakuli. Miaka yote waliyopanga chumba Salama alimwomba mumewe jambo moja tu: mahali pa kuzeekea ambapo hatachota tena mchangani. Muindi aliapa. Akamtengenezea na mlango wa chuma, akaupaka rangi ya buluu, ukakaa nyuma ya karakana ukingoja nyumba.

Mambo hayo yote yalifanyika Desemba, na mwezi huo huo tukaenda shambani na Mutindi kufunga mauzo. Na Desemba ni wapi Ukambani pasipopendeza? Mahindi yalitufika kiunoni, mbaazi zimechanua, na mto ulio chini ya shamba umejaa pomoni. Muindi alisimama ukingoni akicheka peke yake.

Mbuzi alikuwa tayari motoni. Kwetu, mbuzi wa shamba akishaliwa na wazee mbele ya mashahidi, maneno yamekwisha. Atakayeuliza jambo baada ya hapo anamtukana muuzaji. Mutindi alilijua hilo, akaharakisha kuuliza nyama ikiwa bado mbichi.

"Baba Mulei," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "Septemba watu wa hapa wanachota maji wapi?"

Kyule akacheka. "Mama, si mto ndio huu? Ama unataka mfereji kama wa Nairobi?"

"Basi wacha niulize wale wamama wa ng'ambo," Mutindi akasema, akaanza kujifunga leso.

Muindi aliona haya. "Mama Mulei, kaa chini. Unaniaibisha mbele ya wazee. Hii maneno tumemaliza."

Akakaa. Wanawake wale walikuwa wakipalilia ng'ambo ya mto, na vicheko vyao tulivisikia. Mbuzi akaliwa.

Walihamia mwaka uliofuata. Kufikia Agosti mto ulikuwa mchanga mtupu. Wale wanawake walimpokea Mutindi vizuri, wakamwonyesha shimo lao. "Ungetuuliza tungekwambia," mmoja akamwambia. Nilipomtembelea nilimkuta humo shimoni, kichwa tu ndicho kinachoonekana, akipandisha maji bakuli kwa bakuli.

"Wifi," akaniambia, "nimerudi Nuu."

Alicheka. Mimi nililia hadi nilipofika kwangu, na ndugu yangu nilimchukia kwa siku kadhaa.

Muindi aliahidi tangi na mifereji ya paa kabla ya mvua. Mvua nayo ikachelewa. Shimo lilizidi kwenda chini mpaka likampita kimo. Asubuhi moja kuta za mchanga zilimwangukia. Wanawake wa ng'ambo walifukua kwa mikono, wakilia, mpaka wakampata. Alikuwa ameshakufa, Mutindi wetu, na bakuli bado mkononi.

Tulimngoja mwanawe Mulei arudi kutoka Qatar. Tukingoja, mvua ikaja. Siku ya mazishi majani yalikuwa yameota hadi kwenye kizingiti cha mlango wa buluu, na mto ulinguruma hata mchungaji akalazimika kupaza sauti.

Baada ya kufukia kaburi, akaja Thuo, mwenye duka Salama, na mkewe Waringa. Alishika mkono wa Muindi, akaangalia kule bondeni.

"Pole sana, fundi. Lakini mahali ulichagua pazuri, hakuna mtu atakataa. Hii shamba ya jirani inauzwa?"

Muindi alimtazama Waringa. Kisha akamgeukia Thuo.

"Rudini Septemba," akasema. "Na huyu mama akitaka kuuliza kitu, mwache aulize."