Skrubu ya Gesi ya Babu Staf

Kempen nzima, huko Ubelgiji kwenye mchanga mwingi kuliko udongo, hakuna aliyezijua pikipiki ndogo za watoto kama Staf Vreys. Anayebisha aje tubishane, na atarudi kwao kimya. Miaka thelathini na mmoja Staf alifanya kazi katika kiwanda cha zinki, na Jumamosi zote za miaka hiyo alikuwa bandani kwake, goti bovu limekunjwa kwa shida, akipimia watoto siti. Wazazi walimletea mashine kubwa kama punda.

"Atakua nayo, Staf."

"Mnunulie viatu vya kukua navyo. Hii, asipokanyaga chini kwa miguu yote miwili, rudini nayo."

Mjukuu wake Fenne, wa miaka saba, alikuwa na ya injini ya cc hamsini: gia moja, haina klachi, breki zote mbili mikononi kama za baiskeli, na kamba nyekundu ya kufunga kifundoni, ili mpandaji akirushwa ichomoke na injini izime. Mwezi wa tatu Fenne aliruka kilima vibaya, akavunjika mtulinga. Wiki sita mkono shingoni. Mama yake alilia. Staf hakulia, alifanya baya zaidi.

Kwenye mpini wa gesi, ule unaozungushwa kuongeza mwendo, kuna skrubu ndogo inayozuia gesi isifunguke yote. Ni ya watoto wanaoanza, na Fenne aliachana nayo akiwa na miaka mitano. Staf akaikaza hadi gesi ikabaki nusu, akaifuta alama za mafuta, asimwambie mtu.

Na huyu ni mtu aliyezaliwa mchangani, jamani! Mchanga haupandwi kwa kunyatia; gesi ikipungua, gurudumu la mbele linazama na wewe unalifuata. Jambo hilo amewafokea watoto wa watu hadi sauti ikakauka. Lakini mapenzi yalikuwa yameshamvuruga akili.

Jumapili Fenne alirudi kiwanjani kushindana. Alikwama mara tatu, akamaliza wa mwisho. Akaja kwenye kibanda cha chipsi, akakaa karibu na babu yake, hakugusa hata mayonezi.

"Babu, iuze."

"Niuze nini?"

"Pikipiki. Nimekuwa mwoga. Nadhani nafungua gesi yote, kumbe sifungui. Mkono wangu unaogopa bila kuniambia."

Staf aliirudisha chipsi sahanini. Angenyamaza tu, mambo yangeisha: pikipiki ingeuzwa, mama mtu angefurahi, mtoto angebaki mzima, mifupa yote mahali pake. Alilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Akamtazama mtoto, ameukalia ule mkono wake kama anauadhibu.

"Inuka. Njoo kwenye gari."

Akamwonyesha skrubu. Fenne aliielewa mara moja, kalelewa bandani.

"Umeiweka lini?"

"Ulipokuwa na bandeji."

"Uliniona nimekwama?"

"Nilikuona."

"Mara tatu, babu!"

"Nilihesabu." Staf aliinama akashika goti. "Mkono wako hauna kosa, kipenzi. Ulioogopa ni wangu."

Pua ya Fenne ikaanza kucheza, hujui ni kilio au kicheko.

"Mzee mzima! Na wenzangu wakiogopa unawaita kuku."

"Na mimi niite."

"Kuku. Nipe bisibisi."

Akailegeza mwenyewe, ulimi nje, mzunguko baada ya mzunguko.

"Bakiza miwili," Staf akaomba.

"Babu."

"Mmoja basi."

"Babu!"

"Haya."

Raundi ya pili injini ililia kama nyuki aliyekasirishwa. Kona ya tatu Fenne akaenda chini, mchanga juu. Staf alivuka kamba ya watazamaji akikimbia, goti na yote, akipiga kelele jina lake. Hajafika, helmeti ikaibuka kutoka vumbini, pikipiki ikasimamishwa, mguu ukapiga kiki.

"Toka njiani, kuku!" mtoto akapaza sauti. "Unanizibia!"

Staf akatoka.